Fundi Friji Amechelewa

Fundi Friji alichelewa dakika ishirini tu, na dakika hizo nusura zimtoe roho. Friza la bucha lilikuwa limegoma, mwenye bucha akamganda kama ruba, na alipofika shuleni kumchukua mwanawe uwanja ulikuwa mweupe. Mlinzi akamwambia watoto wote wameshatoka. Fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba awe amesikia vibaya, akauliza tena. Jibu likawa lile lile.

Binti yake alikuwa na miaka saba, hajawahi kurudi nyumbani peke yake. Na kando ya shule kulikuwa na shimo la ujenzi lililojaa maji ya mvua. Fundi alijikuta ameshafika ukingoni, amechutama, anayachokora maji kwa ubao. Aliogopa kuuzamisha zaidi, akaogopa pia kuuacha.

Mwalimu wa zamu alimfuata huko na daftari, akamtaka aeleze mtoto alivyovaa ili wawapigie polisi. Bwana huyu, ambaye siku zote maneno humtoka kwa kuvutwa na koleo, akabubujika. Nywele mafungu manne, la nyuma limepinda kwa kuwa alimsuka huku yeye mwenyewe anasinzia. Pindo la sketi limeshonwa kwa uzi mweusi, wa bluu ulimwishia. Kucha alimkata jana, ya kidole gumba aliikata vibaya, akampuliza mpaka mtoto akacheka. Mwalimu akaacha kuandika, akamtazama.

Tangu mkewe afariki, mwaka juzi, fundi hakuwahi kumwambia mtoto kwamba anampenda. Neno lilimshinda, basi akasuka, akashona, akapiga pasi. Sasa ikamwingia hofu nyingine juu ya ile ya kwanza: huenda mtoto hakuelewa, na amepotea hajui kama anapendwa.

Wakarudi kupekua shule chumba kwa chumba. Chooni hayupo. Madarasa yamefungwa. Fundi aliita mpaka sauti ikakauka, na walipofika jengo la nyuma kabisa, sauti nyembamba ikaitika kutoka juu. Alipanda mbio. Akamkuta ghorofa ya pili, amekaa kwenye ngazi, begi mgongoni, mashavu yana michirizi ya machozi.

"Kamba ya kiatu imefunguka," mtoto alisema. "Ulisema nisishuke ngazi hivyo, nitaanguka. Nikakusubiri uje unifunge."

Fundi akaketi papo hapo. Kamba zile alizifunga yeye kila asubuhi, wala hakuwahi kumfundisha mtoto, maana alikuwa akiipenda kazi hiyo. Akazishika sasa. Vidole vilivyozoea skrubu ndogo kama punje vilishindwa, fundo likakataa kushika.

"Nitakuonyesha," alisema. "Kuanzia kesho uwe unafunga mwenyewe."

Mtoto akaurudisha mguu wake haraka. Uso ulimbadilika, ukawa na hofu ile ile aliyokuwa nayo babake kule shimoni.

"Kwani na wewe unaenda wapi?"

Fundi akasema haendi popote, ingawa alijua fika kwamba hilo hakuna mzazi anayeweza kuliapia. Akauvuta ule mguu polepole, akafunga kamba, akarudia fundo mara ya pili. Kumfundisha kukasubiri.