Kasiksi Iliyolala Ndani ya Frigo

Weye umeisha kuona mtu mzima akisimamisha frigo kichwa chini, miguu juu, na kuiacha hivyo tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili? Watu wa Kilibula waliona. Ulikuwa mwaka wa uasi, na aliyefanya hivyo ni Norbert, mume wa Ernestine.

Frigo yenyewe iliingia nyumbani kwao wakati wa uhuru. Mzungu ambaye Norbert alimpikia miaka mingi alivuka kwenda Usumbura na masanduku yake tu, akamwachia mpishi vilivyobaki: sufuria, meza yenye mguu mbovu, na ile frigo ya petroli, yaani mafuta ya taa, nyeupe, yenye taa chini na bomba la moshi nyuma. Petroli ilikuwa ngumu kupata, basi Ernestine akatia ndani yake unga wa muhogo, na panya hawakuuona tena. Kwake ilikuwa kabati nzuri, hakuitakia kazi nyingine.

Halafu Octave, kijana wa Kiringye, akatuma neno kwamba wazee wake watakuja kumwomba Claire, binti yao wa kwanza. Octave alilima pamba na hakuwa na maneno mengi. Claire alimpenda. Mwaka ule vijana walikuwa wanatoka majumbani, huyu kwa waasi, yule kwa jeshi, na mama aliyepata mkwe mwenye jembe mkononi hakutaka apite. Ernestine alitaka posa hii ishike, basi.

Norbert alitoa wapi bidon ya petroli, hakusema. Alitoa unga wa muhogo ndani ya frigo, akaipangusa.

“Bakwe watakunywa baridi,” alisema.

“Bakwe wa Kiringye wanakunywaga mu mtungi, na mirija,” Ernestine akajibu. “Nani alikuomba baridi?”

“Minye najua kazi yangu, mama Claire.”

Aliiweka juu ya mawe bapa, akatia maji katika sahani, akaiweka sahani juu ya frigo. Maji yakikimbilia upande huu, alisukuma kijiti chini ya upande huo, mpaka maji yakatulia. Frigo ya namna ile ikiinama kidogo tu, haifanyi baridi. Akawasha taa, akakata utambi mpaka moto ukawa wa buluu. Akangoja. Ndani kukabaki joto kama nje.

Ndipo akakumbuka ya kwa Mzungu. Frigo ikigoma baada ya safari ya lori, waliipindua, wakaiacha ilale na kichwa chake, kisha wakaisimamisha tena. Akazima taa, akaita majirani wawili, wakaipindua. Uwanja ukajaa watu.

“Norbert anatapisha frigo,” mmoja alisema, “kama mtoto aliyemeza maji ya ziwa.”

Kesho yake Norbert aliirudisha miguu chini, akawasha, na jioni Ernestine alitia kidole ndani ya kikombe cha maji kilichokuwa humo, akakitoa haraka.

Yeye naye alikuwa na kazi yake. Ndizi zilikuwa zimeiva shimoni, zimefunikwa majani. Alizimenya, akazikanda kwa nyasi ndani ya muvure, ule mtumbwi mdogo wa kukamulia, mpaka maji yake yakatoka. Akachuja, akaongeza maji ya kisima, akatia mtama uliokaangwa na kusagwa. Hapo bado ni mutobe, maji matamu tu. Ili uwe kasiksi, pombe yenyewe ya ndizi, lazima ukae penye joto, uchemke wenyewe bila moto. Ernestine aliumimina mtungini, akaufunga kwa majani ya migomba na blanketi, akauweka karibu na mafiga.

Siku ileile ikaja habari kwamba shangazi yake wa Rugenge amefariki. Ilibidi akalale matangani mpaka mkeka uondolewe.

“Usiguse mtungi,” alimwambia mume wake.

“Sitagusa.”

Lakini Norbert alikuwa mpishi. Jikoni mwa Mzungu, kila kilichotoka sokoni kiliingia frigo kabla jua halijakifikia. Joto la juma lile lilikuwa kali, akaogopa pombe itageuka siki kabla ya wageni. Akaumimina mutobe wote ndani ya chupa, akazipanga.

Ernestine alirudi asubuhi ya posa, akakuta mtungi mtupu, umeoshwa.

“Iko wapi?”

“Iko inapumzika.” Norbert alifungua mlango wa frigo polepole, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Ernestine alionja. Ulikuwa mtamu kama siku ya kukamua, na uliuma meno.

“Baba Claire,” alisema, “hii ni mutobe.”

Lori la wageni lilikuwa limekwisha kusimama njiani. Ernestine alipokuwa anatafuta la kufanya, Norbert alikuwa ametoka na sinia, chupa na glasi, kitambaa mkononi.

Kwa familia hizi mutobe hupewa mtoto, na mama anayenyonyesha. Mkwe akipewa mutobe siku ya posa, ameambiwa: hamjakua, rudini kwenu. Hakuna anayelitamka neno lenyewe.

Pétronille, shangazi ya Octave, ndiye aliyeonja kwanza. Aliangalia ndani ya glasi.

“Eh, bamukwe,” alisema. “Minye niliachaga kunyonya zamani.”

Mzee Sévère, baba ya Octave, aliweka glasi yake chini bila kuimaliza. “Tumesikia,” akasema, akainuka. Octave akainuka nyuma yake, macho chini. Ndani ya nyumba Claire alikuwa amesimama nyuma ya pazia, hakujongea.

Wangekwenda. Lakini dereva alikuwa anarudi mbio: waasi wameweka kizuizi njia ya bonde, hakuna lori linalopita. Basi wageni wakakaa tena, ila waligeuza viti vikaangalia barabara, mgongo kwa nyumba.

Ernestine alipiga magoti mbele ya Sévère.

“Baba, si neno letu. Ni frigo.”

“Frigo inasemaga?”

“Njoo uone.”

Mzee alipelekwa jikoni. Akatia mkono ndani ya frigo mpaka kiwiko, akauacha humo muda.

“Hii kitu inalaza pombe usingizi,” alisema.

“Usingizi si kifo, baba. Niacheni niiamshe.”

Sévère alitazama njia, akatazama mafiga. “Tutaona.”

Ernestine alirudisha mutobe mtungini, akaupasha moto kidogo tu, akaomba machicha ya kasiksi ya zamani kwa jirani, akayatia, akafunga blanketi zote za nyumba. Usiku ule wenye nyumba walijifunika vitenge. Wageni walikula bugali na ndagala, wakashukuru, hawakutaja jina la Claire.

Siku ya pili asubuhi mtungi ulikuwa unasikika kama mvua ndogo juu ya majani ya migomba. Ernestine aliuchukua nje, akapanga mirija. Sévère alivuta, akavuta tena.

“Hii imeamka,” alisema. “Na Claire ni wetu.”

Claire alitoka nyuma ya pazia. Pétronille akapiga kigelegele, akasema hata yeye sasa amekua.

Jua lilipopanda Sévère akaomba chupa chache za kasiksi hiyo zilazwe ndani ya frigo, ajue ladha yake. Mchana zilitoka zinatoka jasho. Wote wakanywa. Norbert alizunguka, akamimina, kisha akasimama ukutani na kitambaa chake mkononi.

“Bamukwe, weye iko sentineli, unatulinda?” Pétronille alimuuliza.

Ernestine aliangalia mume wake amesimama hivyo. Akaenda kwenye frigo, akatoa chupa ya mwisho, akaiweka kwenye sinia pamoja na glasi, akampelekea.

“Kaa,” alimwambia.

Norbert alikaa. Ernestine akammiminia.

“Hii frigo uliitakia nini, baba Claire? Sikukuulizaga.”

Aliizungusha glasi mkononi kwanza.

“Kwa Mzungu nilifunguaga ile mlango kila siku, nikapeleka, nikasimama,” alisema. “Nilitaka siku moja nikae, muntu aniletee.”