Kibao Nyuma ya Mashine ya Kahawa

Kila Mei Mosi bibi yangu Jeannine huenda stesheni kuu ya mji wetu na kitita cha maua madogo meupe, yale yanayouzwa siku hiyo kila kona ya Ufaransa. Hasafiri. Humpelekea baba yake, dereva wa treni, ambaye jina lake limechongwa kwenye kibao cha marumaru kando ya jukwaa la kwanza, pamoja na wenzake waliokufa mabomu yalipoiangukia stesheni wakati wa vita. Kaburi hana. Hakikupatikana cha kuzika.

Mwaka huu nilimsindikiza. Stesheni ilikuwa imetoka kukarabatiwa: paa la vioo, duka la manukato, hata viti vyenye pedali ambazo ukizikanyaga zinachaji simu. Kibao hatukukiona. Mahali pake palisimama mashine ya kahawa, ndefu kuliko mimi.

"Kipo, mama, kipo hapo nyuma," alisema msimamizi wa stesheni, Bwana Lacaze, huku akitabasamu na kuonyesha alama ya mraba iliyobandikwa kwenye mashine. "Na majina yote tumeyaweka kwenye mtandao. Piga picha alama hii, utamwona baba yako kwenye simu."

"Na maua niyatie wapi, mwanangu? Kwenye tundu la chaji?"

Waliokuwa kwenye foleni ya kahawa wakacheka. Bwana Lacaze hakucheka. Alisema abiria wanahitaji huduma, bibi aandike barua.

Mimi si msemaji. Hata nikipewa dukani mkate nisioutaka, naondoka nao. Lakini nilimwona bibi akipenyeza mkono kati ya mashine na ukuta, mkono ukakwama kwenye kiwiko.

"Hebu sogea, bibi," nikasema, nikaweka bega.

"Wee binti!" akafoka Bwana Lacaze. "Hiyo ni mali ya watu!"

"Na huyo aliyeko nyuma yake si wa watu?"

Mashine haikutikisika. Mwanamke mmoja mnene akatoka kwenye foleni, akatua sanduku lake.

"Treni yangu imechelewa kama kawaida yake. Haya, tusukume."

Wakaja na wengine wawili. Mashine ikakwaruza sakafu mpya, waya ukachomoka, taa zake zikazimika.

Kibao kilijaa vumbi. Katikati kilikuwa kimetobolewa tundu, na waya wa mashine umepitishwa humo kuingia ukutani, ncha yake ikiwa bado imekwama.

"Mafundi ndio wali—" Bwana Lacaze akaanza.

"Soma," nikamwambia. Sauti yangu ilifika mpaka kwenye vioo vya paa. "Hilo jina mlilolitoboa. Lisome!"

"Anselme Ker..." akasoma. Mbele hapakuwa na herufi, palikuwa na tundu.

"Kerdoncuff," bibi akamalizia.

Akauvuta ule waya taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba, akauachia ukaning'inia. Kisha akachomeka vishina vya maua ndani ya tundu, akaketi juu ya sanduku la yule mwanamke, mgongo kwenye kibao.

"Anayetaka kuirudisha mashine yake," akasema, "aanze kunisukuma mimi."

Nikakaa sakafuni kando yake.