Zoezi la Watu Wawili

Ayoub na Ammar walikuwa ndugu wa ziwa. Mama yake Ammar alipougua baada ya kujifungua, Bi Shemsa, mama yake Ayoub, alimchukua yule kichanga wa jirani akamnyonyesha pamoja na wa kwake, na tangu hapo mtaa mzima wa Malindi ukawahesabu kuwa watoto wa nyumba moja. Walipokua wakaingia timu moja: Ayoub winga mwenye mbio za paa, Ammar beki, mzito wa miguu lakini mwepesi wa maneno.

Kocha wao, Mwalimu Borafya, alichanika msuli wa nyuma ya paja ujanani na mpira wake ukaishia hapo. Kwa hiyo katika timu yake hakuna aliyegusa mpira kabla ya zoezi lile: mmoja hupiga magoti, mwenzake humkamata vifundo vya miguu, na yule aliyepiga magoti hujishusha mbele polepole, mgongo umenyooka, akijizuia asianguke mpaka mapaja yawake moto.

"Msuli huu haukatiki hivi hivi," alizoea kusema. "Hukatika kwa kutotayarishwa."

Ammar ndiye aliyekuwa akimshika Ayoub. "Shuka taratibu, bwana harusi," akimtania. "Mie nipo, huendi popote."

Mwezi wa Shaaban, Ammar aligongwa na gari pale Mtoni. Alizikwa siku ile ile. Ayoub aliingia kaburini akampokea, akamlaza, akatoka na udongo mikononi na macho makavu. Watu wakamsifu kwa subira. Mwenyewe hakujua kama ile ndiyo subira. Alihisi tu kifua kimejaa mchanga.

Aliporudi mazoezini, Bakar, kipa wa timu, alichuchumaa nyuma yake akamshika miguu. Ayoub alipoisikia ile mikono migeni akaruka kama aliyeguswa na kaa la moto.

"Niache! Nshafanya nyumbani."

Hakuwa amefanya kitu. Kuanzia hapo akawa anachelewa makusudi, anafika wenzake wakimaliza. Mwalimu akamwita pembeni.

"Ayoub."

"Naam, Mwalimu."

"Miguu unaitayarisha?"

"Naitayarisha."

Mwalimu alimtazama sana, lakini akaona vibaya kumbana mfiwa.

Ikaja mechi ya Tunguu. Timu moja ya Dar es Salaam ilikuwa imemtuma mtu kuja kumtazama Ayoub, na jambo hilo kila mtu alilijua. Kipindi cha pili akapigiwa mpira mrefu. Akafyatuka, akampita beki wa kwanza, akampita wa pili, na hapo nyuma ya paja la kulia pakalia pa! Akaanguka kifudifudi.

Wenzake walipomfikia walimkuta analia kwa sauti, anakwangua nyasi kwa kucha. Walidhani ni mguu. Bakar akaanza kumpoza: "Pole, utapona, inshallah." Ndipo wakasikia anachokiita.

"Ammar! Ammar wangu!"

Mwalimu Borafya akapiga magoti akamfunika kwa koti lake, asitazamwe na watu.

Daktari alisema msuli umechanika vibaya. Kutembea atatembea, hata kukimbia, ila mbio zile za zamani asizitegemee. Mgeni wa Dar akarudi na jina la mchezaji mwingine.

Nyumbani, Bi Shemsa alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa nini hukusema, mwanangu? Si ungemwacha huyo Bakar akushike miguu?"

"Ningesema nini, mama? Kila nikipiga magoti nnageuka nyuma kumtafuta."

Bi Shemsa akainamisha kichwa. "Na mie kila nikipakua, napakua sahani mbili. Ile ya pili huirudisha chunguni kabla hujaiona."

Miezi yote ile kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake. Sasa wakakumbatiana wakamlia Ammar, mchana kweupe, mlango u wazi, na majirani wakipita chochoroni wanasikia.