Mzee Aliyekuwa Akiuliza Watu Wanapigia Simu Wapi

Ripoti ya wateja ilipofika mezani, meneja aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye vioo. Katika miezi mitano, watu elfu tatu na ushei wa mtaa wa bondeni, ule ulio nyuma ya kiwanda cha saruji, walikuwa wameziacha laini za simu za kampuni na kuhamia kwa wapinzani. Mitaa mingine ilikuwa imetulia tuli. Bondeni tu ndiko walikohama kama walioambizana.

"Wameleta mitambo mipya," meneja alisema. "Kaniangalizie ni mitambo gani, na sisi tununue iliyo bora kuliko hiyo."

Aliyetumwa ni fundi wa antena, mwanamke wa miaka arobaini na mbili ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Minara. Alikuwa amepanda kila mnara wa kampuni mjini. Urefu haukumtisha, kilichomtisha ni vikao.

Akaenda bondeni na kipimo chake cha mawimbi, akazunguka asubuhi nzima. Alichokikuta kilimshangaza. Mitambo ya wapinzani ilikuwa mikuukuu, na vishikio vya antena mbili vilikwisha kushika kutu. Ya kampuni yake ilikuwa mipya, ya kujirekebisha yenyewe kwa programu ya kompyuta. Lakini mtandao wa wapinzani uliingia mpaka jikoni, na wa kwao uliishia mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa.

Akaingia kwa fundi cherehani, akamwuliza kwa nini alihama.

"Zamani nilikuwa nikitaka kupiga simu napanda kigoda pale dirishani," fundi cherehani alisema bila kuinua macho kwenye pindo. "Siku moja akaja mzee mmoja, akaniuliza napigia simu wapi. Nikamwonyesha kigoda. Akaandika kwenye daftari, akaenda zake. Baada ya wiki mtandao ukanifuata hapa nilipokaa. Sasa kigoda cha nini?"

"Mzee gani huyo?"

"Mrefu, mwembamba. Anatembea kwa miguu. Hana haraka."

Mama Minara akazima kipimo chake. Mrefu, mwembamba, asiye na haraka, mwenye daftari: alimjua mmoja tu. Ni mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, aliyemfunza kupanda mnara na kufunga mkanda kabla ya kutazama chini. Kampuni ilikuwa imemstaafisha miaka miwili iliyopita, programu ilipoanza kazi, ikampa saa ya ukutani na kupiga naye picha. Tangu hapo walikuwa wakionana misibani na harusini tu. Mjomba alisema ana kibarua mahali, naye mpwa hakuuliza zaidi. Alikuwa na sababu zake za kutouliza.

Alimkuta mtaa wa pili, amesimama mlangoni kwa kinyozi, anaandika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipeleleza?"

"Nimetumwa."

"Basi peleleza vizuri, usije ukaharibu kazi ya watu." Akamwachia nafasi kwenye benchi. "Ile programu yenu inasikiliza simu zinazopata mtandao. Simu isiyopata haiwaambii kitu. Mwenye simu ndiye anayelalamika, tena anamlalamikia mkewe. Mimi nauliza wake zao. Kisha napanda mnara, nainamisha antena kidogo, narudi kuuliza tena. Basi."

Mama Minara akakaa. Akatazama vidole vyake.

"Mjomba, ile ripoti iliyosema programu inatosha, kwamba fundi wa kutembea hahitajiki... niliitia sahihi mimi."

"Najua. Walinipa nakala pamoja na ile saa."

"Na hukusema neno!"

"Niseme nini? Ripoti ilikuwa kweli tupu. Programu ilijibu yote iliyoulizwa." Akafunga daftari. "Iliniuma, siwezi kukudanganya. Msiba wa mama yako nilikaa upande ule mwingine makusudi. Lakini ulikuwa na watoto wa kusomesha, nami kupanda nilishachoka."

"Si bado unapanda?"

"Napanda polepole."

Mama Minara alilia kidogo, kinyozi akajifanya anatafuta mkasi.

Ofisini aliandika ukweli: wapinzani wametuzidi kwa mzee mmoja anayetembea. Meneja akauliza mzee huyo anatumia mfumo gani. Akajibiwa, anatumia viatu. Meneja akaandika neno hilo, kisha akalikata.

Kesho yake alimtuma Mama Minara tena bondeni na barua yenye muhuri, ya kumrudisha mzee kazini. Mjomba aliisoma yote, hata namba ya simu chini.

"Hapa wameandika 'rasilimali adimu.' Ndiye nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Kumbe." Akaikunja vizuri, akamrudishia. "Waambie nashukuru. Hawa nilionao waliniajiri kabla sijawa adimu."

Mama Minara hakumbembeleza. Alirudi, akamwomba meneja miezi mitatu ya kutembea mtaa wa juu, kule kwenye hospitali, kabla wapinzani hawajafika. Meneja alikubali kwa sababu hapakuwa na wazo jingine mezani. Mama Minara akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Akamkuta muuguzi anayepigia simu ndani ya kabati la mashuka, na mwalimu mstaafu anayempigia bintiye akiwa amesimama ndani ya beseni la kuogea, na viatu vyake. Wote akawaandika, akapanda, akainamisha antena, akarudi kuuliza.

Mtaa wa juu hakuhama mtu. Meneja alilipatia jambo hilo jina refu na kulisimulia kwenye mkutano wa makampuni, kwa picha za mishale. Mtu mmoja akauliza nani aliubuni mpango huo. Mama Minara akasimama, akasema ni mjomba wake, na kwamba anafanya kazi kwa wapinzani. Ukumbi mzima ukacheka. Mjomba, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma upande wa wapinzani, hakucheka, alimpungia mkono.

Bondeni hajarudi mteja hata mmoja. Kila mwezi meneja anauliza kulikoni, na kila mwezi Mama Minara anamjibu kwamba bado anafuatilia.