Moja Juu ya Ishirini na Nne

Mama Domitille alikuwa amepanga boksi tatu juu ya gunia sokoni, katikati ya viatu visivyo na wenzao na wanasesere waliong'oka nywele, na Kahindo alikuwa amechuchumaa mbele yake tangu saa mbili asubuhi. Hakubeba kitu isipokuwa kikwembe chake cha kujifunga, cha maua ya njano, kilichokunjwa vizuri, alichokuja nacho kubadilishana.

"Mutoto wangu, uko nachagua boksi ao uko nachagua bwana?" aliuliza mama Domitille.

"Niko naangalia tu, mama."

"Angalia na mikono sasa. Macho imeshamaliza kazi."

Ndani ya kila boksi kulikuwa na maketi, yaani gari dogo la plastiki ambalo bado halijawa gari, vipande vipande, mtu aviunge mwenyewe kwa kole, ile gundi ya tyubu. Zilitoka kwenye balo moja la vitu vya Ulaya vilivyokwisha kutumika. Ya kwanza ilikuwa na picha ya kifaru cha vita, ya pili jipu la askari, ya tatu lori la mizigo. Kikwembe kilikuwa kimoja, kwa hiyo na boksi ingekuwa moja.

Ilikuwa kwa ajili ya mkono wa kaka yake. Kamate alikuwa fundi wa umeme wa magari. Ile wiki ya Januari vita ilipoingia mjini, walilala chini sakafuni, wote wawili, na kipande cha chuma kikatoboa mbao za nyumba yao hapo mtaani Mapendo kikapita katika kiganja chake cha kulia. Kidonda kilipona. Vidole havikupona. Papa Ézéchiel, mtu wa kine aliyekuja kila Ijumaa kumnyoosha viungo, alisema wazi bila kuzunguka: kidole gumba na kidole cha shahada visipoanza kushika kabla ya mwezi kwisha, viungo vitakauka vilivyo, na hakuna atakayevifungua tena. "Apate kazi ndogo ndogo ya vidole," alisema. "Kitu anapenda."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili, na Kamate hakupenda kitu. Alilala akitazama ukuta, mkono ukiwa kifuani kama mzigo wa mtu mwingine aliyeachiwa autunze. Asubuhi moja Kahindo alimsikia akiuambia ukuta kwamba fundi asiye na mkono ni kinywa cha kulisha tu. Siku hiyo alikusanya visu vyote vya nyumba na kuvificha ndani ya sufuria ya jirani.

Kitu alichowahi kupenda kilikuwa hizo maketi. Zamani baba yao alilinda nyumba ya mzungu mmoja kule mtaa wa Himbi, na yule mzungu alimfundisha Kamate kuziunda. Alitengeneza kumi na moja, ndogo ndogo, akizipaka rangi kwa brashi ya nywele tatu, akishikilia pumzi. Zikaibwa mwaka ule volkano ilipowakimbiza hadi Sake, na tangu hapo hakugusa nyingine.

"Chukua hii ya kifaru," alisema mama Domitille. "Ndiyo kubwa. Soma mwenyewe: sabini na mbili. Hii ya lori iko ishirini na nne tu. Kwa kifaru ninataka kikwembe na hiyo foulard yako ya kichwani. Kwa lori, kikwembe kinatosha."

Kahindo alisoma. Pembeni ya kila picha kulikuwa na moja, mstari, halafu namba. Alikuwa ameishia darasa la sita, lakini katika la sita kulikuwa na ramani ukutani, na mwalimu Julienne aliwapiga rula vidoleni hadi wakaelewa échelle, kipimo cha ramani: namba ya chini ikikua, kitu kinapungua. Aliiinua boksi ya kifaru akaitikisa polepole. Ililia kama mchele ndani ya kopo. Aliitikisa ya lori. Ililia kama vijiko.

Akafikiri juu ya mkono ule, na vipande ambavyo ungeweza kuvishika. Akafikiri pia juu ya watu wanaoingia katika nyumba za watu bila kubisha, na kile ambacho wangesema wakikuta kifaru mezani, hata kiwe kidogo kama kombamwiko. Aliifungua boksi ya lori, akahesabu. Vipande arobaini na nne. Gurudumu moja halikuwepo, na tyubu ya kole ilikuwa imekauka kama mfupa.

"Ninachukua hii, mama."

"Ee, umekaa siku nzima kusudi uchukue kadogo," alisema mama Domitille, akikitandaza kikwembe kwenye magoti yake. Kahindo hakumwambia kwamba ile ya namba ndogo ndiyo kubwa. Moyo ulimuuma kidogo kwa kunyamaza kule.

Nyumbani aliiweka boksi kando ya kitanda. Kamate aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi aligeuka, akaitazama picha, halafu namba, na uso wake ukafunga.

"Hii ni kitu ya mutoto."

"Yaya, kaka yangu, ni lori. Kama lile la papa Cirimwami ulilokuwa unatengeneza."

"Miye nilikuwa naunda za sabini na mbili. Macho ya dereva, naweka. Hii vipande arobaini, mutoto mudogo wa maternelle anaimaliza mbele ya kula." Aliisukuma boksi kwa kiwiko. "Umeenda soko ukachagulia mugonjwa. Haukunichagulia miye."

Kahindo alitaka kumwambia kwamba zile za zamani aliziunda kwa mikono miwili. Neno lilimfika kwenye meno, akalimeza. Kesho yake alirudisha boksi kwa mama Domitille ili achukue kifaru, hata foulard alikuwa ameivua kichwani tayari. Kifaru kilikuwa kimeshaondoka. Mtu alikipitia asubuhi. Alirudi Mapendo na lori lake kwapani.

Ijumaa papa Ézéchiel alifika. Alitoa njiti ya kiberiti mfukoni, akailaza kati ya kidole gumba na cha shahada cha Kamate. "Funga." Kamate alifunga hadi jasho likamtoka puani. Njiti ilianguka. Haikuguswa hata upande mmoja.

"Ijumaa iliyopita ilikuwa vile vile," alisema papa Ézéchiel. Nje, mlangoni, alimwambia Kahindo kwa sauti ya chini, "Mwezi umebaki na wiki moja, binti yangu. Usimudanganye, na weye usijidanganye."

Kahindo aliketi juu ya mawe meusi ya uani akalia, kitambaa mdomoni ili ukuta wa mbao usimsaliti. Alipomaliza alinawa uso. Halafu, kwa kuwa hakujua kingine cha kufanya, akaingia ndani, akaichukua boksi, akaimwaga mezani, na kuanza kuunda lori mwenyewe.

Kole hakuwa nayo. Akafanya kama wanavyofanya watu wanaoziba mabati: alinunua esansi kidogo kwa wale wanaouza petroli kwa chupa barabarani, akaizima mbabula ya makaa kwanza, akavunjia frigolite ndani ya kikombe, ile nyeupe inayofunika televisheni mpya. Ikaungua bila moto, ikawa uji mzito. Mapaa yote ya Mapendo yamezibwa kwa uji huo. Aliupaka kwenye kichwa cha lori kama anavyopaka mtu bati linalovuja, kwa kijiko.

"Nini inanuka?" aliuliza Kamate, akiutazama ukuta.

"Kole."

"Kole gani?"

"Ya frigolite."

Kitanda kililia. "Kahindo. Umeweka nyingi?"

Ilikuwa imechelewa. Frigolite na lori vilikuwa plastiki ya ukoo mmoja, na esansi haikubagua. Paa la kichwa cha lori lilianza kulainika, likabonyea katikati, milango ikainama nje. Kahindo alishika upande wa kulia. Wa kushoto ukaondoka. Akashika wa kushoto. Kioo cha mbele kikamganda kwenye kidole.

"Usivute," alisema Kamate. Alikuwa amesimama. "Uko naua gari. Usivute, nimesema. Shikilia milango yote mbili, hivyo. Sasa haina chini. Inataka chasi ikae chini yake mbele haijakauka, vinginevyo itabaki kama gari iliyopitiwa na lava."

"Sina mkono mwingine, yaya."

Kamate alichukua chasi kwa kushoto. Lakini kwa kushoto ilibidi pia ashikilie paa lisizame. Alitazama huku na huku, kama anayemtafuta mtu mwingine ndani ya nyumba. Hakukuwa na mtu.

Aliuleta mkono wa kulia juu ya meza. Uliletwa na bega, vidole vikiwa nyuma. Akaisukumia chasi, upande wa mhimili wa magurudumu, kati ya gumba na shahada. Mhimili wa lori la ishirini na nne ni mnene, unapita njiti ya kiberiti. Ulijaa pale ambapo vidole havikuweza kufika. Uligusa huku, ukagusa na huku.

"Funga," alinong'ona Kahindo.

"Nyamaza. Hesabu."

Alihesabu. Kumi. Chasi ilianza kuinama upande mmoja, akainyanyua kwa bega. Ishirini. Jasho lilishuka kwenye pua ya Kamate likadondoka juu ya paa lililobonyea. Kahindo hakuthubutu kupumua, milango ikimchoma vidole kwa esansi. Thelathini. Thelathini na moja.

Chasi ilianguka, ikagonga meza, ikateleza hadi ukingoni.

Kamate aliutazama mkono wake kwa chuki ile ile ya siku zote. Halafu aliziangalia alama mbili alizoachiwa na mhimili ndani ya ngozi, moja kwenye gumba, moja kwenye shahada, zikiwa nyekundu.

"Bado iko laini?" aliuliza.

"Bado kidogo."

"Nirudishie hiyo chasi," alisema. "Na anza tena kwenye moja."