Cha Shangazi Yako

Kipande cha mkate kilikuwa bado mkononi mwa wifi yangu, kimelowa mchuzi wa maharage, na binti yangu alikuwa ameachama akikisubiri. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko la shule na chupa ya dawa ambayo mtoto aliisahau nyumbani asubuhi. Wifi aliniona, na wala hakushtuka. Alimaliza kumlisha, akajifuta vidole kwenye aproni, ndipo akanikaribisha.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Ugonjwa wake unaitwa siliaki. Kwa maneno ya nyumbani, utumbo wake haupatani na ngano, hata chembe iliyonasa kwenye mwiko. Kabla hatujalijua jina hilo alikuwa amekwisha, tumbo limevimba, mikono imebaki mifupa, anaharisha mpaka anasinzia chooni. Tulipoiondoa ngano kwenye chakula chake alifufuka. Akaanza kucheza, akaanza na ukaidi, nami nikaufurahia ule ukaidi kuliko adabu ya mtoto yeyote.

Shule ndiyo ilinitia hofu. Watoto wote walikula hukohuko, na kila mchuzi uliopikwa pale ulitiwa unga wa ngano ili uwe mzito. Lakini mpishi mkuu alikuwa dada wa mume wangu, na siku daktari alipotueleza, alikuwa ameketi kati yetu akitikisa kichwa kwa huruma. Nilimshukuru Mungu. Tulinunua sufuria ndogo na mwiko wake, wifi akavifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Asubuhi ya kwanza nilimwinamia mwanangu langoni nikamwambia, cha mtu mwingine yeyote kataa, cha shangazi yako kula bila kuuliza.

Muhula haukufika katikati, akaanza kuyeyuka tena.

Daktari alinikazia macho, akataka kujua nampikia nini. Nilirudi nyumbani nikasugua masufuria hadi kucha zikauma. Nikatupa miiko yote ya mbao. Mume wangu nilimfukuza na mkate wake akaulie uani, naye akawa anakula kwa kujificha kama mwizi, bila kunung'unika. Namsifu kwa hilo, na katika mambo haya sina jingine la kumsifia. Jioni wifi alikuja kutupa pole. Alikaa kwenye kochi langu, akampakata mtoto, akasema huenda ni mafuta ninayopikia.

Nikabadilisha mafuta.

Sasa tulikuwa jikoni kwake, masufuria makubwa yakichemka nyuma yake, na alinieleza kwa upole, jinsi mtu anavyomfundisha mwali kazi.

"Namzoesha, wifi. Kidogo kidogo. Tumbo likikataa kitu, unalizoesha, ndivyo tulivyolelewa sisi. Tangu shule ifunguliwe anakula, mbona hajafa?"

Akaongeza kwamba mtoto alikuwa analia akiketishwa peke yake dirishani huku wenzake wakimegeana mkate, na kwamba mimi namlea kama yai. Nilitaka kumpiga. Mkono ulikuwa umeshakunja ngumi, nikauzuia, na mpaka leo kuna siku naulaumu kwa kutii. Nilimgeukia mtoto, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulisema cha shangazi nile bila kuuliza."

Alisema akinitazama usoni, na mdomo wake ulikuwa bado unang'aa mchuzi.

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwetu. Mume wangu alisema dada yake hakukusudia ubaya, akasema tena, na wengine wakageuka kuniuliza kwa nini naikuza habari. Nilimhamisha mtoto shule. Wifi akabaki na jiko lake, nami nikabaki na sifa ya mke asiye na shukrani. Afya ya mtoto ilirudi yote, uzito, rangi, hata makelele, na daktari akanipongeza.

Leo binti yangu ni mtu mzima, anafundisha, ana nyumba yake. Shangazi yake anamtembelea, wanacheka pamoja hadi machozi, na mimi nimejifunza kusikiliza habari za vicheko hivyo bila kukunja uso. Kwangu binti huja Jumapili. Jumapili iliyopita nilimpikia wali na kuku katika sufuria isiyoguswa na mkono mwingine isipokuwa wangu. Aliingia, akanikumbatia, akasifu harufu kwa moyo wote. Kisha akaketi, akatoa kwenye mkoba bakuli la chakula alichojipikia, akafungua kifuniko. Aliona nilivyomtazama.

"Usikasirike, mama," alisema. "Hata kwa shangazi nafanya hivihivi."

Alisema hivyo ili kunituliza. Nikapakua wangu, tukala.