Mstari Uliokatwa kwenye Tangazo la Kipupwe

Adelard alipokuja kutoka Bukoba kushika ukarani katika ofisi ya serikali inayopima mvua na upepo, Kiswahili chake kilikuwa cha shule ya misheni: kimenyooka, kimepigwa pasi, hakina hata doa la pwani. Kwenye kuandika hakuwa na mshindani. Kuzungumza ndiko kulikomponza. Wiki ya kwanza aliuliza gengeni Temeke kama nazi zimeiva, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana nazi haiivi, nazi hukomaa. Tangu siku hiyo akajiapiza kwamba hatamuuliza tena mtu wa pwani maana ya neno lolote. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na umri huo kiburi hakihitaji sababu kubwa.

Mwezi Mei, mwaka wa hamsini na tatu, alipewa utabiri wa kipupwe wa wilaya za pwani autafsiri kwa Kiswahili. Aliyeuandika ni bwana mkubwa wa ofisi, Mwingereza aliyekaa pwani miaka kumi na miwili. Juni hadi Agosti, alisema, asubuhi zitakuwa na baridi kidogo, upepo wa kusi utavuma kwa nguvu, ardhi itakuwa kavu. Halafu katikati ya Kiingereza chake akachomeka neno moja la Kiswahili. Wiki ya kwanza ya Julai, aliandika, utarajiwe mchoo, na mwaka huu huenda ukazidi kawaida.

Adelard alikuwa ameichukua kazi nyumbani. Jumapili baada ya misa akakaa chumbani kwake, akausoma mstari ule mara tatu. Mchoo. Hakulijua neno hilo. Alichokijua ni choo, na akili yake ikakimbilia hukohuko: bwana anaonya kwamba vyoo vitafurika. Mambo ya vyoo si ni ya watu wa afya? Tena tangazo lenyewe litasomwa na akina mama. Kuuliza alitaka, na mara mbili aliinuka kitini. Kisha akazikumbuka zile nazi, akachukua rula, akaukata mstari mzima kwa wino. Bwana mkubwa, aliyekuwa akifunga mizigo ya likizo, alitia sahihi bila kusoma.

Mwenye nyumba aliyempangisha Adelard alikuwa Bi Somoe, mjane wa Kizaramo, mwanamke mwenye sauti ya juu na mkono mwepesi wa kugawa chakula. Binti yake Mauwa alikuwa amerudi kwa mama kujifungua mimba ya kwanza, mumewe Marijani akiwa kwenye kazi ya reli Kilosa. Tangazo lilipotoka kiwanda cha chapa, Adelard akaleta nakala nyumbani, na tusimfichie, alitaka kuonekana. Mauwa, aliyesoma mpaka darasa la nne, akamsomea mama yake uani.

"Hebu rudia hapo pa Julai," Bi Somoe alisema.

"Julai, ukavu na upepo wa kusi. Basi, mama, hakuna kingine."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Bi Somoe akamgeukia Adelard. "Haya maneno ya serikali, mwanangu?"

"Ya serikali, Bi Somoe. Yamepimwa kwa vyombo."

Bi Somoe akayatazama makuti mapya yaliyolundikwa uani tangu masika, kisha akalitazama paa lake, ambalo lilikuwa limeoza na kuvuja chumbani kwa Mauwa. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayebishana na nafsi yake. "Haya," akasema. "Basi naezeka mwanzo wa Julai."

Mtoto akazaliwa katikati ya Juni, wa kiume, akapewa jina la babu yake, Mwishehe. Adelard alimpelekea khanga na sabuni, na bila kujua akaanza kuzizoea saa za mtoto yule: alipolia, alipotulia, alipooga. Julai ilipoingia akaja Mwinjuma, fundi wa kuezeka, akaanza kuezua upande wa uani, chumba cha Bi Somoe na cha Mauwa. Mzazi ambaye hajatimiza arobaini hatolewi nyumbani, kwa hiyo Mauwa na mwanawe walibaki mlemle, chini ya fito tupu. Siku tatu tu, alisema fundi, na jua lenyewe zuri.

Siku ya pili, saa nane mchana, Adelard akiwa ofisini mjini, mbingu ikafunga na mvua ikapiga. Tarishi wa ofisi, mzee wa Mbagala, akasogea dirishani akavuta pumzi.

"Mchoo huo," akasema. "Na mwaka huu umekuja na hasira."

"Mchoo ni nini?" Adelard akauliza. Lilimtoka lenyewe.

"Mvua ya kipupwe, bwana. Kila mwaka Julai tunaipata. Hukuijua?"

Adelard alitoka mbio. Alipanda baiskeli, akaendesha mpaka Temeke katika mvua ile, na njia nzima hakuwaza kitu ila mnyororo, ambao ulikuwa ukilegea. Aliwakuta wanawake wamemsimamia Mauwa wameshika mikeka juu ya kichwa chake. Sakafu ilikuwa tope. Chumba cha Adelard, upande wa barabarani, bado kilikuwa na paa lake la zamani, kikavu. Akawaingiza humo, akawapa kitanda, yeye akalala ukumbini.

Mvua ilinyesha siku tatu. Mtoto alianza kukohoa siku ya pili, kifua kikambana, maziwa akayakataa. Siku ya nne asubuhi alikufa, na alasiri wakamzika.

Makaburini Adelard alisimama na wanaume, akatupa udongo walipotupa. Alingoja alie, au aogope, au hata aone haya. Hakuna kilichokuja. Ganzi ilikuwa imemshika kuanzia kifuani kwenda chini, na chakula alichopewa alikila chote bila kujua ni nini. Kazini aliandika vipimo vya mvua kwa mwandiko uleule mzuri.

Siku ya tatu baada ya mazishi, tanga lilipoondolewa, alipita ukumbini wakati Bi Somoe akizungumza na majirani wawili. Mauwa aliketi mkekani, ameegemea ukuta. Tangu mazishi hakuwa amesema neno.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Pita ukae." Kisha akaendelea na maneno yake. "Mie mwenyewe ndiye wa kulaumiwa. Miaka yote naungojaga mchoo upite ndipo niguse paa. Mwaka huu haumo kwenye karatasi. Nikasema, wenzetu wana vyombo, wameona hauji. Nikaacha ninachokijua."

Jirani mmoja akasema ni mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyemtazama Adelard. Angeweza kukaa kimya, akaitikia, akaenda zake kulala, na Bi Somoe angeubeba mzigo ule mpaka anaingia kaburini. Alilijua hilo waziwazi.

"Ulikuwemo," akasema.

"Nini kilikuwemo?"

"Mchoo. Bwana aliuandika. Mimi niliukata."

Bi Somoe akaweka mkono juu ya mkeka. "Uliukata kwa nini, baba?"

"Sikulijua neno. Nilidhani ni choo."

Jirani mmoja alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, akajiziba mdomo kwa upande wa khanga. Bi Somoe akamtazama Adelard, mkono bado juu ya mkeka.

"Ulikuwa wapi siku hiyo?" Sauti ilikuwa ya Mauwa, imekauka.

"Hapa. Chumbani kwangu. Jumapili."

"Na sie tulikuwepo?"

"Mlikuwepo."

Mauwa akaitika kwa kichwa, polepole. Hakukunja uso wala hakupandisha sauti.

"Mie nilikuwa nimelala chumba cha pili, kaka Adelard," akasema. "Ukuta wenyewe udongo. Ungegonga tu."